Kabini Ilipokuwa na Sitara

Nilipoajiriwa ukarani wa malori Timau, huku Meru, mwishoni mwa miaka ya tisini, lori lililotoka uwanjani mwetu jioni, likiwa limesheheni masanduku ya maua ya kupelekwa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, lilikuwa limeingia katika ghaibu, wala hapakuwa na mtu, awe tajiri mwenye gari au mimi niliyeandika saa ya kutoka kwake, aliyeweza kudai kwamba anajua lilipo mpaka dereva mwenyewe apende kusema. Simu ya mkononi ilikuwa bado anasa ya wachache. Aliyepatwa na shida njiani alitafuta simu ya kibandani Nanyuki au Karatina, akiwa na bahati ya sarafu na ya waya mzima, na akikosa alimwagizia salamu dereva mwenziwe aliyekuwa akipanda kuja huku mlimani. Salamu hizo aghalabu zilinifikia gari lenyewe likiwa limekwisha kurudi.

Aliporudi, dereva alikaa kwenye benchi nje ya dirisha langu, mikono ameizungushia kikombe cha chai kwa ajili ya baridi yetu, ambayo marehemu baba yangu, mtu wa pwani, hakuizoea hata alipozeekea mtaa wa Majengo, Nanyuki, akanisimulia safari. Alianza na ukungu wa Naro Moru, akapita kwa askari wa Kiganjo, akakawia Karatina ambako siku ya soko barabara nayo huwa sehemu ya soko, akateremka hadi Sagana kwenye joto, na kila kituo kilikuwa na kisa chake, na kila kisa kilikuwa na sababu yake ya kuchelewa. Mimi, katika nafasi ya maelezo ya daftari la safari, ambayo haikuzidi upana wa vidole vitatu, niliandika maneno machache: mvua kubwa, pancha, lori limeanguka Makutano. Kauli yake ndiyo iliyokuwa safari. Sikuwa na safari nyingine ya kuilinganisha nayo isipokuwa dizeli iliyobaki tangini, na dizeli nayo ilikuwa na mawakili wake.

Sisemi kwamba walikuwa malaika. Wengine walibeba abiria wa usiku, wengine walibeba viazi vya shemeji chini ya turubai, na alikuwako mmoja aliyekuwa na nyumba ya pili Thika, ambaye kuchelewa kwake kulifuata mpango usiobadilika, kiasi kwamba karani asiye mpumbavu hakuhitaji kuuliza. Lakini hata mwongo yule alikuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe, na tajiri aliyetaka kumshitaki ilimbidi aje na shahidi mwingine.

Kabini nayo ilikuwa nyumba, na wasioijua kazi hii hulisahau jambo hilo wanapojadili habari za kamera zilizokuja kufungwa humo baadaye. Nyuma ya viti palikuwa na kitanda chembamba chenye pazia, na kando yake sufuria, stovu, pakiti ya majani ya chai, tasbihi au rozari iliyoning'inia kwa kadiri ya dini ya mwenyewe, na picha ya watoto iliyobandikwa kwa gundi penye jua lililoifuta rangi mwaka baada ya mwaka. Dereva alivua nguo humo, alisali humo, aligombana na mkewe kwa simu humo simu zilipokuja, alilala humo kwenye foleni ya kushusha mizigo huku utingo wake amejikunja juu ya viti vya mbele. Mtu mwenye staha alipokwenda kumwona aligonga mlango akasema hodi, na tajiri mwenyewe, aliyekuwa mkali wa kutajika, nilimshuhudia akisimama chini akingoja ajibiwe.

Badiliko la kwanza lilikuja na sheria za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi na mbunge wa Kangema, zilizoanza kutekelezwa mwezi wa Februari 2004, ambazo pamoja na mikanda ya matatu ziliamuru kwamba hata malori ya biashara yenye uzani wa zaidi ya kilo 3,048 yafungwe spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Wetu walinung'unika kidogo kisha wakazoea, kwa kuwa lori la friji linalopanda kutoka Sagana halina haja ya kuzuiwa na serikali. Mlima hulizuia bure. Tena gavana ilikuwa na adabu moja: ilikushika mguu lakini haikwenda kukusema. Uingereza ndiko walikopata kifaa cha kusema mapema, takografu, ambayo wakati huo ilichora mwendo na saa za mapumziko juu ya karatasi ya duara. Madereva wa huko walikiita jasusi wa kabini, na serikali yao ilisita kukilazimisha hata ikahukumiwa na Mahakama ya Ulaya mwaka 1979.

Kisha ikaja traka. Mezani kwangu iliwekwa kompyuta, na ndani yake kila gari likawa nukta inayotambaa juu ya ramani, kijani likienda na nyekundu likisimama. Siwezi kukana kwamba ilinifurahisha, maana nililala usingizi bora. Lakini mazungumzo ya benchi yaligeuka bila mtu yeyote kuamuru yageuke: zamani dereva alisimulia kwanza nami nikauliza baadaye, na sasa niliuliza kabla hajakaa, nikasema, "Mzee, pale Sagana ulisimama dakika arobaini, kulikoni?" Naye akajibu kwa ufupi, kama mtu anavyojibu kizimbani. Visa vya ukungu wa Naro Moru vilikoma. Havikuwa na kazi tena.

Kamera ya kwanza ilitazama barabara, na hiyo walipokea kwa shukrani, hasa baada ya pikipiki isiyo na taa kuchomoka usiku kutoka njia ya murram na kujigonga ubavuni mwa gari letu moja. Picha zilipoonyeshwa polisi, dereva ambaye zamani angelala rumande alirudi nyumbani siku ile ile. Kwa hiyo ilipoletwa ya pili, iliyofungwa chini ya kioo cha mbele na kuelekezwa kwenye uso wa dereva, hapakuwa na aliyeweza kusimama akasema kwamba kamera zote ni uovu. Sababu iliyotolewa nayo haikuwa ya uongo. Usingizi huua, mwaka 2024 peke yake watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na dereva anayeondoka Timau jioni ili maua yawahi ndege ya usiku, akarudi alfajiri, ni mtu anayepigana na maumbile.

Chombo chenyewe humulika uso kwa mwanga usioonekana na jicho la binadamu, kikapima kope zimefumba kwa muda gani, kinywa kimepanuka kiasi gani, kichwa kimegeukia wapi, mkono umepanda kwenye sikio au kwenye mdomo. Kikiona shaka hupiga king'ora, kisha hukata kipande cha sekunde chache, za kabla na za baada, na kukipeleka kwa njia ya mtandao mpaka kwa watazamaji walioko Nairobi. Walichokikosa waliokitengeneza ni kuijua Meru. Kilipomwona dereva akipeleka mkono kinywani kila mara, akitafuna miraa kidogo kidogo, kilimwandika kwamba anavuta sigara, na mtu huyu hajapata kuvuta sigara maishani. Mwingine, mwanakwaya wa kanisa, aliandikwa kwamba amepiga miayo kutoka Marua hadi Sagana, kumbe alikuwa anaimba. Nilimwita akaja dirishani, nikamwonyesha. Akatazama kinywa chake kilivyofunguka kimya, kwa kuwa kile kipande hakikuwa na sauti, akasema, "Karani, futa hiyo. Mtu akiimba peke yake si mchezo wa kutazamwa." Sikuwa na mamlaka ya kufuta.

Jambo lililoharibu mambo halikuwa hilo, lilikuwa la usiku mmoja ambapo kipande cha dereva mtu mzima, baba wa watoto waliokwisha kuoa, akibadilisha suruali ndani ya gari lililosimama, kilitoka kwenye afisi kikasambaa katika simu za vijana wa gereji, wakacheka. Nani alikitoa haikujulikana. Mzee yule hakuja kazini wiki ile, na aliporudi alitundika leso juu ya kamera. Akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni.

Hapo ndipo madereva, ambao walikuwa wametia sahihi karatasi ya Kiingereza ya kuikubali kamera bila kusomewa, walipoanza kuuliza. Walikuwa wamesikia redioni kwamba mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, wakasema, ikiwa picha ya mtoto ina thamani hiyo, ya babake je? Hawakuwa wamekosea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aambiwe habari zake zitatumika kwa kazi gani, na inampa haki ya kuziona. Binafsi naona insafu iko hapa: king'ora kimwamshe dereva, kwa kuwa uhai ni wake na wa wenzake barabarani, na kikishamwamsha kazi yake imekwisha, kukipeleka kipande Nairobi kwa mtu ambaye hajapata kuendesha hata pikipiki ni habari nyingine, haina uhusiano na usingizi.

Waliomba mambo matatu. Kamera izimike ufunguo ukitolewa. Vipande visihifadhiwe isipokuwa pametokea ajali au mgongano. Na yeyote anayevitazama aandike jina lake na sababu yake. La kwanza lilikubaliwa baada ya mabishano mafupi, na sasa kijitaa cha kamera huzimika pamoja na injini. La pili limekataliwa mara mbili, kwa maelezo kwamba mwenye bima ndiye anayevitaka. La tatu limekubaliwa nusu: nimepewa kitabu chenye jalada gumu, nakiweka karibu na lile daftari la zamani la safari, na anayetaka kutazama afisini kwangu hukitia sahihi kwanza, meneja akiwa miongoni mwao. Wale wa Nairobi hutazama kwenye mashine zao wenyewe, na kitabu hakijawafikia.