Safari ya Gahini na Nyamata

Wengi wenu huuimba wimbo wa Tukutendereza mikutanoni na misibani, toka Kampala hata Bukoba na Nairobi, wala hamjapata kukiona kilima ambacho Uamsho ulitelemka kutoka kwake. Mimi nalipata nafasi ya kwenda huko, nikaona ni vema niwaandikie niliyoyaona, yaliyo ya kufurahisha na yasiyo ya kufurahisha.

Mtu akitoka Kigali kwa motokari ya abiria hushika njia ya mashariki, akapita Rwamagana, hata afike Kayonza penye njia panda. Njia moja yaenda Rusumo na Tanzania; nyingine yapanda kaskazini, nayo ndiyo ya Gahini. Migomba ni mingi, na mtama, na mikaratusi kando ya njia, na vilima vimelimwa tangu chini hata juu. Si mwendo mrefu, mara huliona ziwa la Muhazi, refu na jembamba kama mto uliosimama, limejipinda katikati ya vilima. Juu ya maji hayo ndipo Gahini: kanisa, hospitali, shule, na nyumba za wenyeji. Tangu 1992 ni makao ya askofu wa Kianglikana; walakini mgeni ajaye akitazamia jengo la ajabu atarudi na huzuni, maana kwa macho ni kilima kama vilima vingine.

Misheni ilianza hapa mwaka 1925, nchi ikiwa chini ya Wabelgiji. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika 1928, akakutana na njaa kuu ya miaka ile, watu wakianguka njiani. Kazi ikamchosha mwili na roho. Basi Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya afya. Wawili hawa wakakaa na Biblia zao siku mbili, wakitafuta sababu gani kanisa lenye watu wengi hivi lina uzima mchache hivi. Maana ubatizo ulikuwapo, na shule, na madaftari yaliyojaa majina. Katika Uganda hata kuitwa msomaji kulikuwa kumepata maana ya kuitwa Mkristo. Aliyebatizwa alipewa jina jipya, na mara nyingi kazi ilifuata jina.

Na Rwanda mambo kama hayo yalikuwa karibu kuja kwa nguvu zaidi. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Machifu wakatangulia makanisani, na watu wakawafuata kama maji ya mafuriko, kwa kuwa kila mtu aliona cheo kinapatikana kwa njia gani. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yote wakfu kwa Kristo Mfalme. Siwahukumu wale waliokuja. Mungu ajua ni nani aliyekuja kwa moyo. Lakini mwalimu aliyepata kufundisha darasa la ubatizo ajua jinsi mtoto awezavyo kujibu maswali yote pasipo kukosa hata moja, na jioni ile ile akaiba kalamu ya mwenzake.

Sasa niseme habari za Yosiya Kinuka, kwani katika habari zote za Gahini hii ndiyo niipendayo. Alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali, Mkristo aliyebatizwa, mtu wa kazi. Lakini yeye na daktari hawakupatana, na hospitali ilikuwa imejaa manung'uniko. Akapata ruhusa ya kwenda Kampala kumtembelea Nsibambi. Huko akaulizwa habari za hospitali, naye akamimina yote: huyu mbaya, yule mvivu, mambo yameharibika. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba sababu ya uharibifu ule imo moyoni mwake yeye Yosiya. Fikiri, msomaji, neno kama hilo kwa mtu aliyesafiri siku nyingi ili apate kuhurumiwa! Yosiya alikasirika, lakini katika safari ya kurudi neno likamshika, akatubu. Alipofika Gahini alikwenda kwa daktari na kwa wenzake, akayasema makosa yake mbele yao. Wasaidizi wengine hawakupendezwa, maana mtu mmoja akianza kusema kweli huwatia wote mashakani.

Alikuwako pia Blasio Kigozi, ndugu yake mdogo Nsibambi, aliyeiacha Uganda akaja kufundisha Gahini. Neno lake lilikuwa moja, Zukuka, yaani Amka, naye alikuwa akiwaambia hayo watu wa kanisani, si wapagani. Alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, mtu kijana bado.

Mwishoni mwa Desemba 1933, baada ya mkutano wa Krismasi, watu walikuwa wakisali pamoja, na mtu mmoja akaanza kuungama dhambi zake kwa sauti. Akafuata wa pili, na wa tatu, saa zikapita. Miaka iliyofuata jambo hili lilienea Kabale na Uganda, kisha Kenya na Tanganyika. Watu wakarudisha vitu vya wizi: fedha, ng'ombe, vyombo vya kazi. Mwenye duka ambaye hakupata kuingia kanisani aliletewa mlangoni mali ambayo hakujua kwamba imepotea.

Nalizungumza na mzee mmoja wa kanisa pale Gahini, ambaye baba yake alikuwamo katika watu wa siku zile. Nikamwuliza, "Mzee wangu, walijuaje kwamba mtu ametubu kweli, wala si machozi tu?"

Akacheka kidogo. "Mwalimu, baba alisema hawakumwuliza yeye. Walimwuliza jirani yake."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi twamwuliza mwenyewe, naye hujibu vizuri sana."

Hapo ndipo safari yangu ilipokuwa nzito. Uamsho uliokuja kuuvunja utaratibu wa nje ukapata nao utaratibu wake. Ushuhuda ukawa na maneno yake ya desturi: nalikuwa hivi, nikaokoka tarehe fulani, bwana asifiwe, na wimbo ukiimbwa mwisho, watu wakaketi. Mtu aliweza kujifunza kuvunjika moyo kama alivyojifunza katekisimu.

Tena mwaka ule wa 1933 una jambo jingine. Katika 1933 na 1934 serikali ya Wabelgiji iliwahesabu watu wa Rwanda, ikawapa vyeti, na katika cheti cha kila mtu ikaandikwa kama ni Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa. Ndivyo nchi ile ilivyopokea mambo mawili kwa wakati mmoja: cheti mfukoni, na wito wa kuungama mbele ya jirani. Watu wakabatizwa na kuongezeka, hata kufika 1991 karibu watu tisa katika kila kumi walijiandika kuwa Wakristo. Kisha tangu Aprili 1994, kwa muda wa siku kama 100, wakauawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao sana Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule. Vizuizini njiani watu walidaiwa cheti. Muuaji na aliyeuawa mara nyingi walikuwa wamepiga magoti pamoja Jumapili.

Kutoka Kigali nalikwenda kusini, nikavuka mto Nyabarongo, hata Nyamata. Kanisa la pale ni la Kikatoliki, la matofali, nalo leo ni mahali pa ukumbusho. Tangu 2023 limo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Maelfu walikimbilia humo Aprili 1994, kwa kuwa katika machafuko ya zamani kanisani palikuwa salama. Waliuawa humo ndani. Nguo zao zimewekwa juu ya viti, za wazee na za watoto, viti hata viti. Sikuweza kuketi. Wala msomaji wetu asiseme, Hayo ni ya dhehebu jingine. Katika makanisa ya Kiprotestanti pia walikuwamo waliouua, na waliotoa majina ya jirani zao, na watu waliojua Tukutendereza tangu utotoni.

Na Mkatoliki mmoja nimtaje kwa heshima. Félicité Niyitegeka, Mhutu, aliwaficha Watutsi katika nyumba ya kanisa huko Gisenyi. Ndugu yake alikuwa ofisa wa jeshi, akataka kumwokoa peke yake. Yeye akakataa kuwaacha waliomkimbilia, akauawa pamoja nao mwezi ule ule wa Aprili.

Nikarudi jioni, tukapita tena daraja la Nyabarongo. Maji yake ni mekundu kwa udongo. Hapa Nyamata ndipo alipofanya kazi mchungaji Yona Kanamuzeyi, Mwanglikana, mtu wa Uamsho, katika Watutsi waliofukuzwa kwao baada ya 1959 wakaletwa katika pori hili la mbung'o. Aliwasaidia wakimbizi, wala hakuwauliza habari za vyeti. Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walikuja nyumbani kwake, wakamchukua pamoja na mwenzake mmoja mpaka mtoni. Yona aliwaombea askari wale, akaenda akiimba. Wakampiga risasi, wakautupa mwili wake majini. Mwenzake wakamwacha hai, na ndiye aliyesimulia.