Sinema ya Wafu Huko Kuluba

Wasomaji wengi wa gazeti letu hawaijui Kuluba. Ni gombolola katika wilaya ya Koboko, karibu na mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo hukutana. Huko ndiko kwetu, na huko ndiko nilikokwenda likizo iliyopita.

Mjomba wangu ana kibanda cha sinema kando ya njia iendayo Oraba. Kuta zake ni mabati, viti vyake ni mbao zilizopigiliwa juu ya vigogo, na umeme hutoka katika jenereta ambayo hukohoa kuliko mzee mwenye pumu. Katika vibanda vya Uganda sinema ya kigeni haioneshwi hivi hivi. Yuko mtu ashikaye kipaza sauti, aitwaye VJ, ambaye hufasiri maneno na kutia mengine ya kwake. Jumamosi moja VJ wa mjomba aliugua. Mjomba akanijia, akasema, "Mpwa wangu, miaka mitatu nimesaidia kulipa karo yako. Leo nataka kukisikia hicho Kiingereza nilichokinunua."

Basi sikuwa na njia ya kukataa.

Sinema yenyewe ilikuwa Night of the Living Dead, iliyotengenezwa na George A. Romero na rafiki zake katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ikaoneshwa mara ya kwanza mwaka 1968. Haina rangi. Iligharimu kiasi cha dola 114,000, ambazo kwa sinema za Marekani ni pesa kidogo sana. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, na wengi wa "wafu" walikuwa rafiki na majirani waliokuja kusaidia. Tena, ilipobadilishwa jina, wasambazaji wake walisahau kuandika tangazo la haki, na kwa sheria ya Marekani ya siku zile ikawa mali ya watu wote. Hata hapa Uganda tunajua kwamba umaskini hauzuii sinema: Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambazo inasemekana hazikuzidi dola 200.

Watu walijaa. Walikuwamo Wakakwa, Walugbara, Wanubi na wageni wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo nilifasiri kwa Kiswahili. Mwanzoni ndugu wawili, kaka na dada, wanapeleka shada kwenye kaburi la baba yao, na maiti mmoja anawavamia. Watanzania wangemwita msukule, na watu wa Haiti wangesema zombi. Mimi nilimwita mtoza kodi. Kibanda kizima kilicheka. Kila maiti aliyetokea nilimpa kazi: huyu kondakta wa basi, huyu mwalimu wa hesabu, huyu mkwe aliyekuja kudai ng'ombe. Nilijiona nimekuwa bingwa.

Kisha, watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani, na mwenye akili kuliko wote ni mtu mweusi aitwaye Ben. Duane Jones ndiye aliyemwigiza. Ben alipopigilia mbao madirishani, watu wetu walimshangilia kama mchezaji wa mpira. Wenzake wakafa mmoja mmoja kwa ubishi na ujinga wao, lakini Ben alipambazukiwa akiwa hai.

Asubuhi wakaja watu wenye bunduki na mbwa, wakiwawinda wafu. Ben akasikia sauti zao, akasogea dirishani. Wakampiga risasi ya kichwa. Wakamburuta kwa kulabu, wakamtia motoni pamoja na maiti.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu nami sikuwa na neno. Nilifikiri kudanganya. Ma-VJ hugeuza maneno kila siku wala hakuna awashtakiye. Ningeweza kusema kwamba aliyepigwa ni mtu mwingine. Ndipo mzee mmoja, ambaye alivuka mpaka kutoka Yei katika vita vya mwaka 2016, akauliza kutoka benchi la nyuma:

"Kijana, hawakumwuliza jina?"

"La, mzee. Hawakumwuliza."

"Hata sisi njiani hatukuulizwa," akasema. Akainuka, akatuaga kwa heshima, akaenda zake. Hakuna aliyecheka tena usiku ule.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia babu. Akaniuliza, "Kwa nini walikuwa wanawakimbia wafu wao?" Akanikumbusha habari za Rembe, nabii wa Kikakwa, ambaye wafuasi wake waliyanywa maji ya Yakan. Waliambiwa kwamba risasi za serikali zitageuka maji, na kwamba wazee waliokufa watafufuka pamoja na ng'ombe wao. Kwao hao kurudi kwa wafu kulikuwa furaha, si kitisho. Lakini wafu hawakurudi, na Rembe aliuawa na serikali huko huko Yei mwaka 1917.

Sikupata usingizi upesi. Niliona kwamba tangu siku za Rembe mpaka za mzee yule, waliotutisha katika nchi yetu si wafu, bali ni walio hai wenye bunduki, wasio na subira ya kuuliza. Romero alihitaji sharubati ya chokoleti ili Wamarekani waogope. Mzee wa Yei hakuihitaji. Yeye aliogopa dirisha tu, na mtu aliyesimama pale akidhani kwamba ameokoka.

Ndugu zangu mlio shuleni, likizo ijayo mkiombwa kufasiri, chekesheni watu kadiri mwezavyo, lakini mwisho wa hadithi msiugeuze. Huenda nyuma yenu ameketi mtu ambaye yalimpata.

Mjomba alinipa soda mbili na kuniambia kwamba Jumamosi ijayo ataleta sinema ya mpira.