Mtoto anapotaka kuwa Nonda



Juma lililopita mama mmoja wa chama chetu alitungojea kwenye mlango wa darasa mpaka kengele ya kutoka ikalia. Ni muuza ndagala, na wengi wenu mnamfahamu, lakini jina lake tunaliacha kwa sababu ametuomba hivyo. Pembe ya kitenge chake ilikuwa na fundo. Alipolifungua tuliona dola 250, noti zimekunjwakunjwa na zinanuka samaki. Ilikuwa zamu yake ya likelemba.

“Madamu,” alisema, “mnisaidie karatasi moja tu. Muandike kwamba mtoto amezaliwa 2013.”

Mtoto wake tunamfundisha katika la nane, na alizaliwa 2010. Kila jioni anacheza mpira kando ya ziwa, kwenye kipande cha uwanja kilichobaki tangu maji yalipopanda na kumeza vingine. Ni mshambuliaji, na kusema kweli anajua. Mbio anazo, akili ya goli anayo, na mguu wa kushoto unafanya kazi sawa na wa kuume. Mtu mmoja alimwona, akamfuata mama hadi sokoni, akamwambia kwamba Ulaya kuna klabu inamtaka, ila miaka ipunguzwe na dola 400 zitolewe kwa viza na karatasi. Dola 150 zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Tulipokaa kimya, mama aliona kama tunamwonea kijicho. Akatuuliza: “Nonda si alizaliwa hapo ng'ambo tu? Wa kwangu ana kasoro gani?”

Swali hilo ndilo limetufanya tuandike. Sisi wa rika la miaka thelathini na kitu tumekua na jina la Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977. Usiku, tukisimama kwenye mchanga wa huku, taa za mji huo tunaziona. Alivaa jezi ya nchi yetu, na kwa hiyo watu wa Uvira wamemhesabu kuwa mtoto wa nyumbani. Kaka zetu walilipa franga kuingia nyumba ya video kumtazama, wakarudi usiku wakipiga kelele hadi baba akaamka. Basi tulimwambia mama: haya, kaa hapa kwenye benchi, tuihesabu njia ya Nonda kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni Bujumbura yenyewe, katika Atletico Olympic. Alianza kwao, kati ya watu waliomjua na kujua umri wake. Kituo cha pili ni Dar es Salaam, katika Young Africans, ile ambayo watu huiita Yanga. Cha tatu ni Afrika Kusini, katika Vaal Professionals, klabu ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Ulaya ilikuja baada ya hapo, na haikuanzia Paris wala London. Ilianzia Uswisi, katika FC Zürich, ambako alifunga magoli mengi mpaka Wafaransa wakamwona. Mwaka 1998 alikwenda Rennes, na mwaka 2000 akaingia Monaco.

Mama alihesabu kwa vidole: klabu tano kabla ya ile ambayo sisi tunaikumbuka. Kijana alikuwa na miaka 23 alipofika Monaco. Kila hatua, klabu iliyomchukua ilikuwa imeona amefanya nini katika ile ya nyuma. Mshambuliaji hupimwa kwa magoli, na magoli hayafichiki. Yanaandikwa kila Jumapili.

Katika msimu wa 2002–2003 Nonda alifunga magoli 26, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa yote. Hapo ndipo kaka zetu walikuwa wakirudi na kelele. Lakini mama wapenzi, sikilizeni kilichofuata. Agosti 2003, msimu mpya umeanza tu, goti lake liliumizwa vibaya katika mchezo na Paris Saint-Germain. Mfungaji bora wa Ufaransa alikaa miezi mingi akitibiwa, na wenzake wakasonga mbele bila yeye katika kombe kubwa la klabu za Ulaya.

Alirudi kabla ya msimu kwisha. Tarehe 20 Aprili 2004, Monaco walicheza na Chelsea katika nusu fainali. Nonda aliingia akitokea benchi na kufunga goli la tatu, mchezo ukaisha 3 kwa 1. Fainali ilikuwa tarehe 26 Mei huko Gelsenkirchen, Ujerumani, dhidi ya Porto. Nonda aliingia tena kama mbadala, na Monaco walipigwa 3 kwa 0. Baadaye alikwenda Roma, akakopeshwa Blackburn ya Uingereza, kisha akafika Galatasaray ya Uturuki, ambako alibeba ubingwa wa ligi mwaka 2008.

Tulimweleza mama kwa nini tumelitaja goti. Mtu aliyefikia pale alikuwa na mkataba, na klabu yenye waganga na mshahara wakati hachezi. Je, mtoto wa miaka 15 aliyepelekwa na mtu wa sokoni, goti lake likivunjika katika mji asioujua, nani atamtibu? Mama hakujibu. Alianza kufunga tena lile fundo, polepole.

Akasema: “Lakini akingoja atazeeka.” Hili pia tunalisikia kila siku. Tulimtajia Fiston Mayele, mzaliwa wa Mbuji-Mayi. Yeye alicheza hapa nchini mpaka alipokuwa na miaka 27. Ni mwaka 2021 alipotoka AS Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga, Yanga ile ile aliyopita Nonda. Kutoka hapo alikwenda Misri katika Pyramids, na mwaka 2025 wakachukua kombe la klabu bingwa Afrika. Miaka 27! Wengine mtaani kwetu, mtoto akifikisha 16 bila kuitwa, wanamwambia amechelewa.

Sasa mambo ya sheria, kwa sababu upendo peke yake hautoshi. Shirika la mpira la dunia, FIFA, halikubali mchezaji aliye chini ya miaka 18 ahamishwe kutoka nchi moja hadi klabu ya nchi nyingine. Yako mambo machache yanayoruhusiwa. Moja ni pale wazazi wenyewe wanapohamia nchi hiyo kwa sababu isiyohusu mpira. Lingine linatugusa sisi watu wa mpaka. Mtoto anayekaa umbali usiozidi kilomita 50 na mpaka anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50, kwa sharti kwamba aendelee kulala kwao na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Toka kwetu, ukivuka Kavimvira na Gatumba, Bujumbura iko ndani ya hesabu hiyo. Lakini Ulaya haimo, na dola 400 haziwezi kuisogeza.

Kuna na lingine ambalo wazazi wachache wanalijua. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa hiyo hata klabu yetu ndogo ya mtaa ina haki, mradi mtoto ameandikishwa na ana kadi ya mchezaji yenye tarehe ya kweli. Anayekuja kutafuta kijana mwenye kipaji kwa njia ya halali ana sababu ya kupitia klabu. Anayepita sokoni kwa mama, akikwepa klabu na kocha, hebu tumwulize anakwepa nini.

Hapa mama alituuliza tena, kwa sauti ya chini: “Na miaka? Kupunguza miaka kuna ubaya gani? Wote wanafanya.”

Mama wapenzi, hapa inatubidi tuseme jambo ambalo hatujawahi kulisema katika gazeti hili. Sisi tulishafanya. Ni miaka kadhaa imepita, tulikuwa bado wapya, diploma ya ualimu haijapata vumbi. Mzazi alitujia hivi hivi, akilia, na mtoto alikuwa na mguu kama wa huyu. Tulichukua karatasi ya shule, tukaandika miaka 2 pungufu, tukapiga muhuri. Tulidhani tunamsaidia. Hatukuchukua hata franga moja, na kwa hilo tulijiona watu wema.

Kijana alifika nchi jirani, akapendwa na klabu. Walipokusanya karatasi zake ili wamwandikishe, karatasi yetu ilisema hivi, na kadi yake ya mpiga kura ikasema vingine. Walimwuliza ipi ni ya kweli. Alisema ukweli, na wakamrudisha. Magoli yake hakuna aliyeyauliza tena. Leo anabeba mizigo bandarini Kalundu. Tukipita anatusalimu kwa heshima, “Madamu, jambo,” na anatupokea mfuko kama tuna mzigo. Hajatulaumu hata siku moja. Heri angetulaumu.

Baada ya mama kuondoka, tulikwenda Kalundu kumtafuta. Tulimweleza habari ya mtoto huyu na tukamwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Alikaa juu ya gunia, akajifuta jasho, akafikiri. Kisha alisema: “Mwambieni yule mdogo asiguse miaka yake.” Hakuongeza neno. Wenzake walikuwa wakimwita, mtumbwi umefika.

Karatasi hatukuiandika. Mama alikasirika, tusiwafiche. Siku mbili hakutusalimu. Siku ya tatu alimpigia yule mtu simu kumwambia amrudishie dola 150. Simu iliita mara moja, ikakatwa, na tangu hapo haipatikani. Pesa hizo zimekwenda, na ni pesa za likelemba ambazo mama atazilipa kidogo kidogo kwa ndagala. Lakini zile 250 zimerudi nyumbani katika fundo lake.

Mtoto mwenyewe alilia, akakataa kula. Kumwambia mtoto wa miaka 15 angoje ni kazi ngumu kuliko kumwambia asicheze kabisa. Tulikaa naye, mama yake na kocha wa mtaa. Tukapatana hivi: asubuhi darasani, na mtihani wa mwisho wa la nane aufanye bila visingizio. Jioni uwanjani. Kocha amwandikishe kwa tarehe yake ya kweli. Sisi tutamfundisha Kifaransa nusu saa zaidi, mara mbili kwa juma, kwa sababu mkataba ni maandishi, na asiyesoma husaini asichokijua. Mtoto aliuliza kama Nonda naye alikuwa akifanya mitihani. Tulicheka, tukamwambia kwamba mitihani ya Nonda ilikuwa kila Jumapili, mbele ya watu wote.

Hatumwahidi kwamba atakuwa Nonda. Wanaocheza kando ya ziwa letu ni wengi mno, na wanaofika ni wa kuhesabu. Tunachoweza kumwahidi ni kwamba akiitwa siku moja, karatasi zake zitasema jambo moja, na kama hataitwa atakuwa na kalamu mkononi.

Mama wapenzi, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwenye mtoto anayecheza, awe wa kiume au wa kike, aangalie kama cheti chake cha kuzaliwa kipo na kama tarehe yake ni sawa na ya shule. Pili, mtu akija na habari za klabu ya nje, aulizwe jina la klabu, barua yake iko wapi, na kwa nini hakupitia kwa kocha. Akidai pesa mbele, msifungue fundo. Wakala wa kweli hupata sehemu yake katika mkataba. Tatu, mwenzetu huyu anadaiwa dola 150 za likelemba. Wenye zamu zinazofuata, tuone Jumamosi kama tunaweza kumngojea kidogo.

Na walimu wenzetu mnaosoma hapa: muhuri wa shule ni mdogo, unaenea kiganjani, lakini mtoto anaubeba maisha yake yote. Sisi tulijifunza kwa kumharibia mtoto wa mwenzetu. Ninyi msijifunze hivyo.

Tuonane Jumamosi.