Herufi za Paris, Ukuta wa Same

Niliposhuka Same, jua la saa nne lilikuwa limeshakaza. Karibu na stendi, kijana mmoja amesimama juu ya kiti cha plastiki, anapaka rangi ukuta wa saluni ya kiume: vichwa vinne, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Kifuani mwa mmoja wao amechora herufi L na V zilizopishana.

"Mteja akiziona anajua hapa ni pa watu wa maana," aliniambia bila kugeuka.

Mchoraji Andy Warhol angemwelewa. Miaka ya 1950, kabla ya kuvuma, riziki yake mjini New York ilitoka kwenye kuchora viatu vya kampuni ya I. Miller kwa matangazo ya magazeti. Mwaka 1962 akaonyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's. Bidhaa ya dukani ikaingia kwenye ukumbi wa sanaa, na sanaa ya pop ikashika kasi. Maduka ya kifahari nayo yakaifuata sanaa hiyo. Mwaka 2003 kampuni ya Paris, Louis Vuitton, ilimkabidhi msanii Mjapani Takashi Murakami herufi zake za L na V, akazipaka rangi 33 juu ya mikoba. Mkoba ukawa mchoro, na mchoro ukawa tangazo linalotembea.

Mkoba wa sura hiyo niliukuta mchana, ndani ya gari la kupanda Mbaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ameuza tangawizi, sasa mkoba umejaa sukari na sabuni. Aliuokota kwenye mitumba. "Niliupendea rangi," alisema, akiupakata vizuri gari lilipoanza kona. Migunga na vumbi vikabaki chini. Tukaingia kwenye migomba na ubaridi wa milima ya Upare.

Kiti cha mbele alikaa mzee wa Kimaasai, shuka jekundu la drafti begani. Shuka la namna hiyo nalo limefika Paris: mbunifu Kim Jones alilitumia kwenye mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya msimu wa kiangazi 2012. Mikoba ya 2003 dunia inaijua kuwa ya Murakami. Shuka ni la jamii nzima, hakuna mtu mmoja wa kutajwa, na ndiyo maana ni rahisi kulichukua.

Kesho yake nilirudi Same, nikakuta ukuta umekamilika. Nilitafuta jina la mchoraji, sikuliona. "Mwenye saluni amekataa," alinieleza akiosha brashi. "Anasema jina langu litachafua ukuta."

Herufi za kampuni ya Paris zimekaa kifuani, katikati ya ukuta. Za kijana wa Same zimekosa hata pembe. Wewe mwenye duka, ukimwita mchoraji, mlipe haki yake, kisha mwachie nafasi ya kiganja kimoja pale chini aandike jina na namba ya simu.