Bunduki ya Aina Gani?

Mwezi Mei 1956, Ian Fleming aliandikiwa barua na mtu wa Glasgow aitwaye Geoffrey Boothroyd. Huyu hakuwa mhakiki wa fasihi. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kemikali ya ICI na mpenzi mkubwa wa silaha, na riwaya za James Bond alizipenda sana. Kilichomkera ni kitu kimoja tu: bastola. Tangu Casino Royale ya 1953, Bond alikuwa akitembea na Beretta ndogo ya .25. Boothroyd akamwambia mwandishi, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, kwamba hicho ni kibastola cha kike, na kwamba jasusi anayetumwa kuwakabili wauaji hawezi kukitegemea.

Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tunajua bastola inavyoingia katika hadithi. Inatoka mfukoni, inalia, tunafungua ukurasa. Nani anauliza ni ya aina gani? Lakini wapo watu duniani ambao swali hilo haliwaachi walale, na kadiri ninavyozidi kuwasoma, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mwandishi wa habari ana la kujifunza kwao.

Tazama kwanza Boothroyd alivyosahihisha. Hakuishia kusema "umekosea". Alieleza kwa nini risasi ya .25 ni dhaifu, kisha akaja na mbadala: rivolva ya Smith & Wesson, ile Centennial Airweight ya .38, ambayo nyundo yake imefichwa ndani, hivyo haiwezi kunasa kwenye nguo unapoichomoa. Akataja mpaka ala ya kuibebea, iitwayo Berns-Martin. Katika kuandikiana kwao ikaingia pia Walther PPK. Yaani kosa lilikuja na sababu yake, na sababu ikaja na kitu ambacho Fleming angeweza kwenda kukikagua mwenyewe.

Fleming naye angeweza kuitupa barua ile. Vitabu vyake vilikuwa vinauzika hata hivyo. Badala yake akajibu na kuuliza zaidi. From Russia, with Love kilikuwa kimeshaandikwa, kikatoka 1957 Beretta ikiwa palepale. Ila katika Dr. No cha 1958, bosi wa Bond anamnyang'anya Beretta yake na kumkumbusha jinsi ilivyomwangusha katika kazi iliyopita, halafu anaitwa mtaalamu wa silaha kuja kumpangia nyingine. Mtaalamu huyo anaitwa Meja Boothroyd. Msomaji mlalamikaji amegeuzwa kuwa mhusika!

Hicho ndicho kipande ninachokipenda. Fleming, ambaye aliwahi kuwa mwandishi wa Reuters, hakuifuta Beretta kimyakimya. Aliiacha kwenye vitabu vya nyuma, akaandika masahihisho mbele ya macho ya wasomaji, na aliyemsahihisha akampa heshima kwa jina lake. Ni vyumba vingapi vya habari vinafanya hivyo leo? Tumezoea habari inayobadilishwa usiku mtandaoni, asubuhi ukiirudia unajiona wewe ndiye uliyeota.

Lakini masahihisho nayo yanaweza kukosea. Fleming alichanganya ushauri aliopewa, akampa Bond ile PPK pamoja na ala ya Berns-Martin. Shida ni kwamba ala ile ilitengenezwa kwa ajili ya rivolva, si kwa bastola ya magazini kama PPK. Wajuzi wakaliona hilo pia. Likaja suala la filamu. Katika Dr. No ya 1962, Bond anakabidhiwa kinachoitwa PPK, lakini kinachoonekana kwenye skrini ni Walther PP, kaka yake mwenye mtutu mrefu kidogo. Na kwenye mabango ya From Russia with Love, Sean Connery ameikumbatia bastola yenye mtutu mrefu, sura kali, kumbe ni Walther LP-53, bastola ya upepo. Siku ya kupiga picha hakukuwa na PPK, basi mpiga picha David Hurn akaleta ya kwake ya kulengea shabaha. Jasusi hatari kuliko wote akawekwa kwenye mabango na silaha isiyo na baruti.

Unaweza kucheka ukasema hawa watu hawana kazi ya kufanya. Nami nilicheka, mpaka nilipojua kilichompata Boothroyd mwenyewe. Alikuwa amemwazima Fleming rivolva yake moja, Smith & Wesson ya .38 iliyokatwakatwa, ili msanii Richard Chopping aichore kwenye jalada la From Russia, with Love. Wakati silaha iko kwa msanii, watu watatu wakauawa Glasgow kwa bunduki iliyodhaniwa kufanana na hiyo. Polisi wakaja kumuuliza Boothroyd: bastola yako iko wapi? Hapo swali la "aina gani" halikuwa tena mchezo wa wapenzi wa vitabu. Kufanana si kuwa kilekile, na kati ya maneno hayo mawili ndipo mtu asiye na hatia anaposimama.

Wapenzi wa silaha wanaojiheshimu wana taratibu zao, na si ngumu kuzieleza. Kwanza, usiliamini jina, amini chuma. Wengi wetu tukiona magazini iliyopinda tunasema "AK-47" na tumemaliza. Wao watakuuliza kuhusu kifuniko cha juu: ni laini au kina mikunjo? Kikiwa laini, huenda ni AK ya mwanzo iliyoanza kutumika katika jeshi la Kisovieti mwaka 1949; kikiwa na mikunjo, huenda ni AKM ya 1959. Kilengeo cha mbele kimezungukwa na pete iliyofunga? Basi fikiria Type 56 ya China. Pili, alama moja haitoshi. Vipande hubadilishwa, mafundi huunganisha hiki na kile, kwa hiyo tafuta alama tatu nne zinazokubaliana. Tatu, onyesha picha, ili anayekupinga apinge kitu anachokiona na si cheo chako. Nne, kama huoni vizuri, sema "ya jamii ya Kalashnikov" na uishie hapo. Hii ya nne ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwandishi wa habari, maana mhariri anataka kichwa cha habari kisichopepesa.

Mwanzoni mwa 2013 taratibu hizo zilifanya kazi kubwa. Eliot Higgins, mkazi wa Leicester, Uingereza, asiye na ajira wakati huo, asiyejua Kiarabu na asiyewahi kusomea silaha, alikuwa akitazama video za vita vya Syria kila siku na kuandika mtandaoni kwa jina la Brown Moses. Akaanza kuona mikononi mwa waasi silaha zisizo za kawaida pale: kirusha-roketi M79 Osa, mzinga wa M60, na kirusha-guruneti RBG-6. Hizi zilikuwa silaha za iliyokuwa Yugoslavia na za Croatia. Alikusanya video moja baada ya nyingine, akaziweka wazi. Mwezi Februari gazeti la New York Times, kupitia C. J. Chivers na mwenzake, likaandika kwamba Saudi Arabia ililipia silaha kutoka Croatia kwa ajili ya waasi. Croatia ilikana. Lakini fikiria kama Higgins angeandika tu "waasi wana makombora". Lisingekuwepo hata swali la kumuuliza mtu.

Sasa nirudi nyumbani. Mwandishi yeyote wa Tanzania anayefuatilia habari za uhalifu anazijua taarifa za polisi: "wakiwa na bunduki aina ya SMG", "bunduki moja aina ya SAR", "gobore moja". SMG ni kifupi cha Kiingereza kinachohusu bunduki fupi ya rashasha inayotumia risasi za bastola, kama Uzi. Lakini kwenye picha, silaha iliyolazwa mezani mara nyingi ni ya jamii ya Kalashnikov. Mjuaji wa haraka atakimbilia kusahihisha: polisi wamekosea, andika AK-47.

Asubiri kwanza. Jeshi la China lilipotengeneza Kalashnikov yake, liliiweka kwenye kundi ambalo kwa Kiingereza hutafsiriwa kama SMG. Bunduki yake nyingine ya mwaka uleule, iliyoigwa kwa SKS ya Kisovieti, ikaitwa bunduki nusu-otomatiki, yaani SAR. Zote mbili ni Type 56, zimepewa namba ya mwaka uleule Boothroyd alioandika barua yake. Na jeshi letu limepokea silaha na mafunzo ya Kichina tangu miaka ya 1960. Ninavyoliona mimi, hilo "kosa" la polisi ni kumbukumbu ya silaha zilikotoka. Ukilifuta na kuandika AK-47, umeondoa historia ya kweli na kuweka jina la bunduki ambayo pengine haikuwepo mezani. Kabla ya kumsahihisha mtu, muulize kwanza neno lake amelipata wapi.

Kuna jambo moja ambalo kwa hawa jamaa siliigi. Wanaweza kuzungumza saa nzima kuhusu kasi ya risasi bila kumtaja hata mara moja aliyepigwa. Ule usahihi unaweza kuwa pazia. Nimesoma habari zetu pia zenye aina ya bunduki, idadi ya magazini na idadi ya maganda ya risasi, halafu marehemu anaitwa "mtu mmoja". Tumehesabu maganda, tumeshindwa kuuliza jina.

Kwa hiyo nachukua nusu ya somo lao na nusu nyingine naiongeza mwenyewe. Uangalifu wanaoutumia kwenye kifuniko cha bunduki tuutumie pia kwenye umri wa marehemu, kijiji chake, na saa aliyotoka nyumbani. Na msomaji akiandika kutuambia tumekosea, tusimwone mkorofi. Mtu anayekaa chini kukuandikia kurasa kadhaa kuhusu kibastola kimoja amekusoma kuliko wanaokusifia.