Mbwa Huchaguliwa kwa Kitenzi

Katika idara yetu tumefundishwa kwamba nomino ndiyo inayotawala sentensi ya Kibantu. Nomino huleta ngeli yake, na kitenzi, kivumishi na kionyeshi hufuata kama watoto nyuma ya mama. Sibishani na walimu wangu. Lakini kuna kazi moja ambayo ndani yake nomino hudanganya na kitenzi ndicho husema kweli, nayo ni kazi ya kuchagua mbwa wa kuwinda ndege.

Nieleze nimeifikiaje kazi hiyo, mimi ambaye sijawahi kushika bunduki. Yaya wangu yuko Ufaransa, huu ni mwaka wake wa saba. Anafanya kazi katika shamba la ngano huko Beauce, uwanda mpana ulio kusini-magharibi ya Paris. Mwenye shamba hupenda kuwinda kwale wa kijivu, na huwawinda kwa njia mbili. Siku nyingine hutoka na bunduki ya kalibre 12. Siku nyingine hutoka na kozi, yaani ndege mla nyama aliyefugwa na kufunzwa kukamata ndege wenzake. Sheria ya Ufaransa inakubali njia zote mbili. Ile ya kozi UNESCO iliiandika mwaka 2010 katika urithi wa utamaduni usioshikika, na Ufaransa ilikuwa mojawapo ya nchi 11 zilizoiomba kwa pamoja. Yaya ndiye anayetunza kozi na mbwa wa nyumba hiyo, na kibali chake cha kuishi kule kinategemea mkataba wa kazi hiyo.

Mbwa wao wa zamani alikuwa hodari siku za bunduki. Kila ndege aliyeanguka alimkimbilia na kumleta. Siku moja kozi alimkamata kwale hewani, akashuka naye katikati ya majani. Mbwa akafanya alichokizoea: alikimbia, akawabeba wote wawili kwa mdomo mmoja. Kozi akavunjika bawa na hakuruka tena. Mwenye shamba alisema atajaribu mara moja zaidi, na mbwa mwingine. Ikishindikana ataacha mambo ya kozi, na mtu asiye na kozi hana haja ya mtunza kozi. Kisha akamwachia yaya amchague mtoto wa mbwa.

Usiku huo simu yangu ikalia. “Mudogo,” yaya akasema, “weye njo unasomaka luga. Bitabu ya huku iko na majina mingi kupita imbwa zenyewe. Unitafsirie.”

Tulianza na majina kwa sababu ndiyo yaliyojaa vitabuni. Mengi yanataja mahali: braque allemand, épagneul breton, setter irlandais, labrador. Hata épagneul lenyewe ni la mahali. Gaston Phébus, aliyeanza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387, anasema mbwa hao wanaitwa hivyo kwa kuwa asili yao ni Hispania. Huyo huyo anawaita pia mbwa wa ndege, maana walifanya kazi pamoja na kozi. Hapo yaya alinikatiza, akataka nirudie. Alikuwa anadhani kwamba mbwa hawa walitengenezwa kwa ajili ya bunduki, na kwamba kozi ni nyongeza ya matajiri. Historia inakwenda kinyume. Mbwa alilala chini mbele ya kwale ili watu wawavute wavu juu yao, au ili kozi aachiliwe. Bunduki ya kupiga ndege akiwa hewani ilimkuta mbwa kazini.

Majina mengine yamebeba kitendo ndani yake. Setter limetoka katika kitenzi cha Kiingereza cha kuketi na kutulia. Pointer ni mwenye kuonyesha kwa pua. Retriever linarudi kwenye Kifaransa cha kale, retrouver, kupata tena kilichopotea. Nilipomweleza hayo, yaya akanyamaza kidogo, kisha akasema tuache majina ya nchi, tushike vitendo.

Kwa hiyo tukaandika vitenzi vinne vya Kiswahili: tafuta, ganda, rusha, leta.

Tafuta ni mbwa kukimbia uwandani akipima upepo. Rusha ni kuwaondoa ndege majanini, na hapa Kiswahili kinaeleza vizuri kuliko Kifaransa, kwa sababu ni kauli ya kutendesha ya ruka: mbwa haruki, bali anamfanya ndege aruke. Leta haina shida. Shida ilikuwa ile wanayoiita arrêt, mbwa anapopata harufu ya kwale na ghafla mwili wote unakuwa kama jiwe, mguu mmoja juu, pua imenyooka. Simama haikutosha. Yaya alisema mbwa aliyechoka naye husimama. Tukachukua ganda, kitenzi cha mafuta yanapopoa. Anayeganda alikuwa katika mwendo, kisha hali yake imebadilika, na mwendo bado umefungiwa ndani yake.

Ukishakuwa na vitenzi, kazi ya mbwa huwa sentensi. Sentensi ya bunduki ni hii: tafuta, ganda, rusha, leta. Ya kozi ni hii: tafuta, ganda, ngoja, rusha, acha.

Zinafanana hadi katikati, kisha zinaachana. Kwa bunduki, mbwa akiganda, mwindaji hufika karibu, kwale wakaruka, bunduki ikalia. Kwa kozi, ni baada ya mbwa kuganda ndipo ndege huvuliwa kofia ya ngozi na kuachiliwa. Kozi hupanda akizunguka mpaka afike juu sana, juu ya kichwa cha bwana wake, na muda wote huo mbwa hatakiwi kusogeza hata ukucha. Akiwarusha kwale mapema, kozi bado yuko chini na kwale wamekwenda zao. Mwishoni, kile ambacho mbwa wa bunduki husifiwa kwacho, leta, ndicho kinachoua kozi. Tofauti ya kitenzi kimoja ndiyo iliyovunja bawa lile.

Tukapitisha mbegu za mbwa katika vitenzi hivyo, moja moja.

Pointer na setter hutafuta mbali na kwa kasi, na huganda imara. Kwa uwanda wazi kama Beauce na kwa kozi anayepanda juu, hao ni wenyewe. Lakini Waingereza waligawa kazi: pointer aonyeshe, retriever alete. Mwenye kumtaka pointer kwa bunduki mara nyingi hulazimika kulisha mbwa wawili.

Labrador ana leta tu kama kitenzi chake kikuu. Kwa kozi, huyo ni kitenzi kibaya kilichovaa manyoya.

Springer na cocker hutafuta karibu na kurusha papo hapo, bila kuganda. Wanafaa vichakani, na wanafaa kwa kipanga anayeruka moja kwa moja kutoka mkononi mwa mtu, mtindo ambao Wafaransa wanauita bas vol. Kwa kozi wa juu hawafai, maana kwale wanakuwa wamekwisha kuruka kabla kozi hajapanda.

Braque allemand anavyo vitenzi vyote vinne, na ndiye ambaye wengi humtaja wanapoulizwa mbwa mmoja wa kazi zote. Ila Wajerumani wamemchagua kwa vizazi vingi awe pia na ukali mbele ya mnyama mla nyama kama mbweha. Katika nyumba yenye kozi, ukali huo unahitaji mkono wenye uzoefu mkubwa. Yaya alikuwa mkweli kuhusu mkono wake.

Épagneul breton ni mmoja wa wadogo kabisa kati ya mbwa wanaoganda. Hutafuta kwa bidii bila kupotea upeoni, huganda, huleta, na hali yake ni laini: neno moja kali linamtosha. Tukasimama hapo.

Msomaji wa Kongo ataniuliza: na mbwa wetu je? Nilijiuliza pia. Mbegu iliyoandikishwa Ulaya kutoka huku kwetu ni basenji, aliyeonyeshwa katika maonyesho ya Crufts huko London mwaka 1937. Ni mbwa wa kuwinda asiyebweka kama wengine, hata wawindaji wa msituni humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie anapowasukuma wanyama kwenye wavu. Kitenzi chake ni sukuma, kazi ya heshima, lakini si ganda. Angalieni basi jina alilopewa: basenji, ndiyo washenzi. Mbwa wa Waingereza wakaitwa kwa kazi wanayofanya, wa kwetu akaitwa kwa dharau waliyokuwa nayo watu dhidi ya wenye mbwa. Kama tungemwita kwa kitenzi, mtu anayemnunua leo angejua anachonunua.

Hata hivyo, kuchagua mbegu hakukumaliza jambo. Mbegu ni ahadi. Wazazi ndio ushahidi. Zipo familia za épagneul breton zilizochaguliwa kwa uzuri wa maonyesho, na zipo zilizochaguliwa kwa kazi. Yaya alikataa kumtazama mtoto yeyote kabla ya kumwona mama yake uwandani. Kwa mfugaji wa tatu alimwona mama akiganda, mwenye mbwa akachelewa makusudi, na mama hakusogea. Hapo akachukua mtoto wa kike, mwenye wiki nane, umri ambao chini yake sheria ya Ufaransa hairuhusu kuuza. Mbwa wanaoandikishwa kule hupewa majina yanayoanza na herufi ya mwaka, na mwaka 2023 herufi ilikuwa U. Yaya akamwandikisha Upole.

Lilibaki tatizo la sentensi mbili katika kichwa kimoja. Upole angejuaje kwamba leo ni siku ya leta na kesho ni siku ya acha? Wakufunzi hubadilisha vitu: ukosi mmoja kwa bunduki, mwingine wenye kengele kwa kozi. Yaya alifanya hivyo, lakini akaongeza kitu ambacho aliyekulia Lubumbashi hahitaji kufundishwa. Sisi huongea Kifaransa shuleni na ofisini, Kiswahili sokoni na nyumbani, na hatuchanganyikiwi kuhusu tuko wapi. Kwa hiyo siku za bunduki Upole husikia Kifaransa peke yake: “Apporte!” Siku za kozi husikia Kiswahili peke yake: “Ganda. Ngoja. Rusha. Acha!” Kila lugha na uwanja wake wa matumizi, kama tunavyojifunza katika isimujamii. Tangu akiwa mdogo alilala karibu na kozi aliyefungwa kwenye kigingi chake, ili kila mmoja amzoee mwenzake, na wakati huo wote yaya alimsemesha Kiswahili.

Msimu uliopita ulikuwa wa kwanza kwa Upole kutoka na kozi. Yaya alinitumia video moja, nami nimeitazama mara nyingi kuliko mihadhara fulani. Kozi mpya yuko juu, nukta tu. Upole ameganda katika masalia ya ngano, upepo unamchezea masikio. Dakika zinapita. Sauti ya yaya inasema “Rusha”, kwale wanapasuka kutoka chini, na kozi anaanguka kutoka juu kama jiwe lililotupwa. Upole anakimbia hatua chache kuwafuata. “Acha.” Analala chini, anapumua kwa ulimi nje, na kozi anakula kwa amani hatua mbili kutoka pua yake.

Mkataba wa yaya umeongezwa kwa miaka miwili. Mwenye shamba naye amelazimika kujifunza maneno yale manne, maana siku yaya akiumwa lazima mtu amtoe mbwa. Hutamka r ya rusha kooni, kama Wafaransa wote, na ch ya acha huigeuza kuwa sh. Yaya anasema Upole humtii vilevile. Wenzangu wa fonolojia wakitaka kujua mbwa anasikia nini hasa katika neno, ninayo namba ya simu ya kuulizia.