Mama, kwani mapadri walinunua watoto?

Kila Kwaresima binti yangu wa darasa la nne huweka kwenye kopo hela anazojinyima pipi na barafu. Makopo hayo hugawiwa watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani, na Pasaka ikikaribia huyarudisha. Mwaka huu niliwaahidi, yeye na mdogo wake, kwamba tukishasali Njia ya Msalaba Ijumaa, Jumamosi yake tutakwenda Bagamoyo kuona kanisa la zamani. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Kanisa lao la kwanza lilijengwa 1872, na mnara wake bado umesimama. Lile kubwa la pembeni lilikamilika 1914. Watoto walisikiliza zaidi habari za Livingstone. Chuma, Susi na wenzao walibeba mwili wake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakaufikisha hapa 24 Februari 1874, ukalala mnarani usiku huo kabla ya kupelekwa Zanzibar. Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu: Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 5 Aprili, kwa hiyo waliingia Bagamoyo katika wiki ya kwanza ya Kwaresima.

Kwenye mbuyu wa misheni kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Binti yangu alirudi nyuma. "Huu ndio walifungwa watumwa?" Mzee aliyekuwa akitutembeza akacheka, akasema hapana mjukuu wangu, huo inasimuliwa ulikuwa wa kufungia punda, mwenyewe akausahau. Kisha akaongeza kwamba watumwa walifika hapa wakiwa wameshakombolewa, wengi wao watoto.

"Kukomboa ni kufanyaje?"

Mzee alinitazama, nami nikamtazama yeye.

"Walilipa hela," nikasema.

"Mama, kwani mapadri walinunua watoto?"

Wazazi wenzangu, mnaijua ile hamu ya kumwambia mtoto twende tukanywe soda. Lakini mzee alimjibu kama mtu mzima mwenzake. Ndiyo, walinunuliwa Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa 1873. Walifundishwa kusoma, dini, kilimo na ufundi. Wakikua walioana wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Kengele ndiyo iliyowaambia saa ya kuamka, ya kusali na ya kwenda shamba. Na wapo waliotoroka.

Hilo la mwisho lilinigusa. Miaka yote nimelisikia jambo hili likisimuliwa kama wema mtupu, na wema ulikuwepo, kwani kumtoa mtoto mikononi mwa mfanyabiashara ya watu si jambo dogo. Lakini mtoto yule hakuulizwa anataka kwenda wapi, na kurudi kwao hakukuwezekana. Anayetoroka hapo alikuwa na sababu yake. Nilimwambia binti yangu hivyo hivyo, bila kupaka sukari.

Mzee alikuwa na jingine. Sehemu ya fedha zile ilitoka kwa watoto wa Ulaya waliochanga sarafu zao kupitia Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Binti yangu alinyamaza kabisa. Mdogo wake alikuwa keshaanza kulilia maembe ya ile miembe mikubwa ya njiani, ikabidi tuage.

Kwenye basi, tumeshapita Bunju, ndipo aliposema: "Mama, na kopo langu linanunua nini?"

Nilisema linasaidia watoto wenye shida. "Watoto gani?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nimechanga tangu nikiwa na umri wake na sijawahi kuuliza.

Jumapili baada ya misa alimfuata katekista, akamwamkia, akamuuliza. Katekista alikuna kichwa, akaahidi kumuuliza paroko. Tunasubiri. Kopo liko juu ya kabati, limefika nusu, na bado anatumbukiza, ila siku hizi kila akitumbukiza ananiuliza kama jibu limekuja.